Maji Niliyomwagia Mawe ya Guka Gitau

Chekeni kwanza mmalize. Nimestaafu, na nina miaka kumi na tisa.

Madam Njoki, ambaye nyote mnamjua kwa ile filimbi yake, ameniambia niwaandikie kitu cha kusoma kabla hamjashika mtaimbo. Jumatatu naenda chuo Eldoret, na kati ya wale tulioanza kikosi cha mawe nimebaki mimi peke yangu. Nilimwambia siwezi kuongea mbele ya watu. Akasema, "Ndiyo maana nimekuambia uandike." Kwa hivyo nimekaa hapa Kiuu, kwa meza ya mama, na tayari nimeinuka mara nne. Mara nikanywe chai, mara niangalie kuku, mara nyingine hata sikumbuki nilikuwa naenda wapi. Mwili wangu haujui kukaa. Mkiona habari inaruka, jueni nimeinuka tena.

Nianze na nyinyi mlioingia juzi kutoka Kiandutu na Mwiki, kwa sababu najua hamjaelewa na mnaona haya kuuliza. Mimi nilikaa wiki tatu bila kuuliza. Mashindano yetu ya baiskeli yana pande mbili. Kuna wale wa milimani, wanaopita katikati ya kahawa, wanashuka kwenye mikaratusi, wanazunguka tena, na wa kwanza kumaliza ndiye bingwa. Hao wana watu wao wa jembe na sururu. Sisi ni wa mawe. Baiskeli ya mawe haina kiti. Mwendeshaji hashindani mbio na mtu. Anapewa dakika mbili avuke mawe tuliyopanga, anaruka jiwe hadi jiwe kama mbuzi, na hatakiwi kuweka mguu chini. Mguu ukigusa, refa anainua kidole kimoja. Ukigusa tena, viwili. Vikifika vitano umeshindwa sehemu hiyo, toka, mwingine aingie.

Nilipomweleza mama, aliacha kuchambua mboga. "Baiskeli haina kiti, na hawaendi mahali?"

"Hawaendi mahali, mama."

"Na hao ni watu wazima?"

Kazi yetu ni kuchagua mawe, kuyabeba, kuyapanga na kuhakikisha hayasongi. Ni hiyo tu. Lakini hiyo ya mwisho ndiyo inayonifanya hadi leo nikipita mahali pa ujenzi nikanyage mawe ya watu kwa kisigino.

Nilijiunga nikiwa Kidato cha Pili. Shuleni nilikuwa yule msichana ambaye mwalimu akiita majina anainua mkono badala ya kuitika. Si ujeuri, sauti ilikuwa haitoki. Niliipenda kwari, yale machimbo ya mawe, kwa sababu jiwe halikuulizi kitu. Ile kwari ya zamani kati ya Ruiru na Thika, mnaijua, yenye kuta zilizokatwa na mashine zikabaki na mistari kama daftari, na dimbwi la maji ya kijani pale chini. Mawe yake yameisha kwa wenye kujenga. Kwetu yametosha kabisa.

Aliyenifundisha ni Guka Gitau. Si babu yangu wa damu, sote tulimwita Guka. Alichonga mawe kwa mkono katika kwari hiyo hiyo kabla mashine hazijaja, na mguu wake wa kushoto haukunji vizuri kwa sababu jiwe moja lilimkalia. Siku ya kwanza alinipa nyundo ndogo, akanielekeza kwenye rundo.

"Gonga hiyo."

Nikagonga.

"Inasema nini?"

Nikagonga tena. Nilidhani ananitania.

"Sikiliza, msichana. Jiwe mzima inalia kama sufuria. Ile mgonjwa inasema pu. Ukiskia pu, wacha hapo, hata kama ni mrembo namna gani."

Gongeni. Kila jiwe, kila siku, hata lile mlilogonga jana. Halafu likishawekwa, panda juu yake, ruka, tua kwa visigino vyote viwili. Likicheza hata kidogo, shuka ulikabe. Kabari ni kipande cha jiwe, kamwe isiwe udongo. Udongo unakudanganya asubuhi, na mchana ukikauka unamwachilia mtu. Kipande kikubwa kiingie kwanza chini, kidogo kifuate, na cha mwisho kipigwe hadi nyundo irudi yenyewe mkononi. Siku hizi mna mikanda ya kufungia mizigo, na nasikia mwaka huu mtapewa saruji. Sawa. Lakini mkanda nao umefungwa kwenye jiwe, na jiwe limekaa juu ya nini?

Ngoja niwaambie kosa langu la kwanza, ndiyo muone sikuzaliwa najua. Nilipewa utepe, ule wa rangi mbili wa kuonyesha mipaka ya sehemu. Nikaufunga kwenye vigingi kwa fundo la kipepeo, lile la kufungia zawadi, kwa sababu niliona linapendeza. Upepo ukaja. Jamaa mmoja wa Nakuru alikuwa juu ya jiwe la pili, utepe ukaingia kwenye gurudumu lake la nyuma, na yeye, kwa vile hakutaka kuweka mguu chini, akaendelea. Alitoka sehemu hiyo akiburuta utepe wote nyuma yake, mrefu kama shela la bibi harusi. Watu walicheka hadi refa akasahau kuinua kidole. Mimi nilijificha chooni. Guka akanifuata huko, akasimama mlangoni.

"Toka. Umemfunga, umemuoa. Nenda ukamfungue."

Fundo liwe la kukaza, na utepe ukae kimo cha kiuno. Mbele ya jiwe la kutua usiweke utepe kabisa.

Nimeinuka tena. Kuku wako sawa.

Sasa niwaambie la maji. Madam Njoki hajaniambia nilitaje wala nisilitaje, na wengi wenu mmelisikia vibaya. Wengine wanasema bomba lilipasuka. Hakuna bomba pale. Ilikuwa mimi.

Ni mwaka ule tuliopata mashindano ya kimataifa. Nilikuwa Kidato cha Tatu. Watu walitoka nchi ambazo mimi nilikuwa nazijua kwa ramani tu, wakatua na masanduku marefu ya baiskeli, na wiki nzima nilikuwa silali vizuri wala sikai. Mama alisema nimekuwa kama kuku anayetafuta pa kutaga. Guka alipewa sehemu ya nne, iliyo katikati ya kwari, ambapo watu wote wangesimama. Mimi nikawa mkono wake. Siku kumi na nane tulipanga mawe tisa. Jiwe la tatu ndilo lilikuwa moyo wa sehemu. Kubwa, limeinama kidogo mbele, na mwendeshaji lazima atue juu yake kwa gurudumu la nyuma kisha ageuke. Guka alilichonga uso wake kwa tindo siku tatu. Alikuwa anapiga, anarudi nyuma, anakunja macho, anapiga tena. Nilimuuliza mbona anahangaika hivyo na jiwe litakalokanyagwa na matairi.

Alijibu bila kuniangalia. "Mawe zangu zote ziko ndani ya nyumba za watu. Huko kwenu Kiuu, Mwiki, Thika mjini. Wamepiga plasta juu. Hakuna mtu ameona hata moja. Hii wataona."

Niliandika maneno hayo kwenye shajara yangu jioni hiyo. Sikuandika kingine.

Kabla ya mashindano alikuja mkaguzi mkuu, mama mmoja mrefu wa Uropa aliyeitwa Petra. Sisi tulimwita Madam Petra. Alitembea sehemu zote kwa mguu, mikono nyuma. Sehemu nyingine zilikuwa na mbao na matangi ya chuma yaliyofungwa kwa boriti. Yetu ilikuwa mawe matupu yaliyokaa juu ya mawe. Hakuipenda. Alisema kwa Kiingereza, Madam Njoki akatafsiri. "Anasema hajawahi kuruhusu mawe yasiyofungwa. Anaruhusu hii kwa sababu amepanda juu na hayakusonga. Lakini jiwe moja likisonga siku ya mashindano, sehemu inafutwa, na aliyejenga anatoka kwari hii na hajengi tena katika mashindano yake."

Guka akauliza, "Amemaliza?"

"Amemaliza."

"Mwambie haitasonga."

Siku yenyewe ikafika. Nilikuwa kwari mapema, peke yangu, kwa sababu Guka alizuiwa getini. Beji yake ilikuwa imechapishwa na picha ya mama mmoja wa jikoni. Alinisimulia baadaye. Askari akamwambia, "Mzee, huyu si wewe." Guka akajibu, "Hata mimi naona si mimi. Kwani ni mimi nilipiga hiyo picha?" Wakamweka kando hadi Madam Njoki apatikane. Ikachukua zaidi ya saa moja.

Kwa hiyo niko peke yangu, na riflekta yangu mpya, ile fulana ya manjano inayong'aa, na vumbi. Mnalijua vumbi la kwari. Ni jeupe, laini kama unga wa chapati, na lilikuwa limelala juu ya kila kitu. Kila lori la vifaa likipita linapaa, linakaa juu ya mawe ya Guka, juu ya utepe, juu ya vile viti vya plastiki vya wageni. Nilifagia. Likarudi. Nikafagia tena. Likarudi. Nilikuwa natembea huku na huku kama mtu aliyepoteza kitu.

Na nyinyi mnajua kwetu. Wageni wa kuleta mahari wakitarajiwa saa nne, kufikia saa mbili uwanja umefagiwa na kunyunyiziwa maji, na mtoto aliyesahau maji atasikia habari yake. Hata mkutano wa kanisa, hata kama ni chifu tu anakuja. Mgeni hakaribishwi na vumbi. Hakuna aliyenifundisha hilo kwa maneno. Mikono yenyewe ilienda kwenye jerikeni.

Nilichota kwenye dimbwi la kijani. Jerikeni kumi za lita ishirini, mbili mbili, mbio. Nilinyunyiza njia, nikanyunyiza pale pa refa, halafu nikaona mawe yenyewe yamepauka wakati kila kitu kingine kimependeza. Nikayamwagia. Jiwe la tatu nililimwagia mara mbili, lionekane vizuri, ule mchongo wa Guka utoke. Na ulitoka. Ulikuwa mzuri kweli.

Madam Njoki alipita mbio akienda getini. "Haiya, Wairimu! Leo hapa ni kama nyumbani kwa watu!" Nikafurahi hadi nikaona aibu.

Sasa sikilizeni vizuri, hii ndiyo kazi yenyewe. Jiwe letu la hapa linakunywa maji. Jua la saa tatu likilipiga, juu linarudi jeupe, unaona limekauka. Lakini lile vumbi lililokuwa limelala juu limegeuka uji, na uji umeingia kwenye vishimo vya tindo na kukaa hapo chini ya ngozi nyembamba iliyokauka. Na yale maji yalikuwa ya dimbwi, yana utelezi wake. Waendeshaji walipokuja kuikagua sehemu kwa mguu, mawe yalikuwa yamepauka kama kawaida. Hakuna aliyeona kitu. Mimi mwenyewe nilishasahau.

Mwendeshaji wa kwanza aliingia, kijana wa nje mwenye ndevu. Jiwe la kwanza, la pili, akaruka la tatu. Gurudumu la nyuma liligusa, likaondoka chini yake. Alianguka ubavu, na baiskeli ikamfuata. Watu wakasema "Aaii!" kwa pamoja. Akainuka, anachechemea, muundi wa mguu unatoka damu. Tukadhani ni bahati mbaya yake. Wa pili naye, jiwe hilo hilo, anguko hilo hilo. Madam Petra alipiga filimbi, akainama chini ya utepe, akaja moja kwa moja kwenye jiwe la tatu. Chini yake, kwenye vumbi, palikuwa na kipande kimoja cha kabari. Baiskeli ilikuwa imekigonga kikatoka. Akakiokota, akakiinua juu ili kila mtu aone.

Guka alikuwa amefika, beji ya mama wa jikoni ikining'inia kifuani. Madam Petra akasema kitu kifupi. Madam Njoki hakutaka kutafsiri, ilionekana usoni.

"Sema tu," Guka akamwambia.

"Anasema jiwe limesonga."

"Haijasonga."

"Anasema basi ni nini? Watu wawili, mahali pamoja."

Guka aliinama kwa shida na ule mguu wake, akapitisha kidole kwenye mchongo, akakisugua na dole gumba. Akakinusa. Halafu akaangalia gambuti zangu. Zilikuwa na mstari wa kijani hadi katikati. Aliziangalia kidogo tu, akainuka.

"Mimi sijui," akasema. "Lakini haijasonga."

Alijua. Nataka mlielewe hilo. Alijua, na alikuwa tayari kutoka kwari ile na jina la mtu ambaye jiwe lake lilisonga, kuliko kunitaja mbele ya watu, kwa sababu alijua mimi nikitazamwa tu nakufa. Madam Petra alikuwa tayari anaandika. Vijana wawili wa usalama wakasogea. Mmoja akamwambia Guka kwa heshima, "Twende polepole, mzee."

Nilifungua mdomo. Naapa nilifungua. Hakukutoka kitu. Nilijaribu tena, bure. Watu mia ngapi sijui, na mimi nimesimama mdomo wazi kama kifaranga.

Kwa hivyo nilichukua jerikeni. Ilikuwa imebaki moja, nusu. Pale refa anaposimama palikuwa na bamba la jiwe lililolala bapa juu ya ardhi, limefukiwa nusu, ambalo hata trekta haliwezi kulisogeza. Nililimwagia maji. Nikachota vumbi kwa viganja viwili, nikalimwaga juu, nikalisugua kwa mguu. Nakumbuka sauti ya mtu kwenye umati, "Huyu naye anafanya nini?" Nilirudi nyuma hatua tatu, nikakimbia, nikakanyaga bamba.

Nilidhani nitateleza kidogo, waone. Miguu ilienda juu. Nilitua kwa makalio, riflekta ikanifunika uso, gambuti moja ikatoka ikaruka hadi kwa wageni wa viti vya plastiki.

Kicheko cha watu nakisikia hadi leo nikiwa nimekaa kimya. Mtu akapiga kelele, "Refa, mpe tano!" Mwingine, "Huyo hata baiskeli hana!" Niliondoa riflekta usoni. Mtu mmoja tu ndiye hakucheka, naye ni Madam Petra. Alichuchumaa kando yangu, akagusa bamba kwa kidole. Akaenda kwenye jiwe la tatu, akakwangua ile ngozi nyeupe kwa ukucha, akaingiza kidole kwenye mchongo. Akavitazama vidole viwili. Uji ule ule.

Akauliza, na hata Kiingereza chake nilikielewa, nani alimwaga maji.

"Ni mimi," nikasema. Halafu nikakumbuka haelewi. "Me."

Sauti ilitoka ndogo, lakini ilitoka.

Uamuzi wake ulikuwa wa haraka. Sehemu ya nne isimame hadi saa sita. Ikiwa mawe yatakuwa makavu, na jiwe la tatu likijaribiwa kwa mtaimbo lisisonge, itafunguliwa na mzee atabaki. Yule aliyemwaga maji atoke nje ya utepe na asirudi ndani siku hiyo. Guka alianza, "Huyu ni mtoto, alikuwa anakaribisha wageni tu," lakini Madam Njoki akamgusa mkono. Nikavua riflekta, nikampa. Mtu akanirushia gambuti yangu.

Nje ya utepe sikukaa. Ningekaaje? Nyumbani, chini ya kuku wetu, mama hutandaza maganda ya kahawa kutoka kinuni, kwa sababu yanafyonza unyevu na hayashiki mguuni. Kando ya kwari kuna mfugaji wa kuku, nilikuwa nimeona magunia yake tukipita kila asubuhi. Nilikimbia. Nilimkuta akilisha.

"Nisaidie maganda, baba. Magunia manne."

"Ya nini?"

"Ya kukausha mawe."

Alinitazama tope lile, akatazama gambuti niliyovaa bila soksi. "Wewe ndiye umeanguka? Tumesikia kelele hadi hapa." Akanipa sita, na mkokoteni.

Nilimpitishia Guka magunia juu ya utepe, moja moja, bila kuvuka hata kidole. Alimwaga, akasugua kwa gunia tupu, akafagia, akamwaga tena. Alitumia tindo kukwangua kila kishimo cha mchongo, kimoja kimoja. Nilimwonyesha kwa mkono pale alipopasahau, upande wa kivuli, akarudi pale. Tulifanya kazi hivyo kwa muda wa saa mbili, yeye ndani, mimi nje, na nyie mkiwahi kumwagia mawe maji nitawaombea mpate mtu kama yule upande ule mwingine wa utepe.

Saa sita Madam Petra alirudi na wanaume wawili na mtaimbo. Wakauchomeka chini ya jiwe la tatu, wakauegemea wote. Mmoja akaona haya kuonekana hafaulu, akauning'inia kabisa, miguu hewani. Jiwe halikusema hata pu. Madam Petra alikwangua mchongo kwa ukucha, akaangalia ukucha, akamwinamishia Guka kichwa kidogo, ile ishara ya haya sawa. Akamwambia asimame ndani, karibu na jiwe lake, hadi mwisho.

Sehemu ikafunguliwa. Wa kwanza akatua, akageuka, akapita. Wa pili akapita. Yule mwenye ndevu alirudi na bandeji, akapita bila kugusa chini hata mara moja, na watu wakampigia makofi mengi. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya watu nikihesabu vidole vya refa kupitia mabega.

Wa mwisho alikuwa Chege wa Mwiki. Mwenyeji pekee aliyebaki. Umati wote ulikuwa wake, kila mtu alikuwa binamu yake ghafla. "Chege! Chege! Onyesha wao!" Alivuka la kwanza, la pili, akaruka la tatu, akatua vizuri kabisa. Kisha kwenye kugeuka akakosa pumzi, mguu wa kulia ukaenda chini, kidogo tu, kama anayejaribu maji ya kuoga. Refa akainua kidole kimoja.

Chege akasimama pale pale, mikono juu. "Zii, zii! Jiwe inateleza! Maji bado iko! Madam, kuna maji!"

Umati ukashika hilo mara moja. "Maji! Maji! Arudie!" Madam Petra akaangalia jiwe. Akaangalia saa yake. Nikaona mkono wake unaenda kwenye filimbi, na nikaona Guka amesimama na ufagio, na kwa mara ya kwanza siku ile hakusema jiwe lake liko vipi. Alikuwa amechoka.

Nilijipenyeza hadi kwenye utepe. Sikufikiria. Ningefikiria nisingeweza.

"Jiwe ni kavu, Chege!" Ilitoka kubwa, ikagonga ukuta wa kwari ikarudi. "Nimelikausha na maganda ya banda la kuku! Huo mguu ni wako!"

Kikazuka kicheko, lakini safari hii hakikunikalia mimi. Mtu akasema, "Si ni yule wa kuanguka?" Chege akageuka kunitafuta, akaniona, akainama, akapitisha kiganja chote juu ya mchongo. Akakiinua atuonyeshe. Kiganja kilikuwa na vumbi jeupe, kavu.

"Sawa, sawa," akasema, na yeye mwenyewe akacheka. "Ni wangu." Akainua kidole chake kimoja, kama refa.

Madam Petra akateremsha filimbi. Watu wakaanza kuingia baada ya mwendeshaji wa mwisho, kama kawaida, kuona kwa karibu palikuwa na nini. Wakalizunguka jiwe la tatu. Mama mmoja akalipapasa. Kijana mmoja akamuuliza mwenzake nani alichonga hivi, na Guka alikuwa hapo hapo nyuma yake na ufagio, beji ya mtu mwingine kifuani, na hakumwambia. Alikuwa anawaangalia wakiliangalia.